Audacity na sauti ya bibi: uzoefu wangu

Desemba nilivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, kumrekodi bibi yangu. Ana mengi ya kusimulia kuhusu uvuvi wa enzi za ningu na furu, kabla sangara hajalitawala ziwa, na nilitaka wanangu waje kuyasikia kwa kinywa chake mwenyewe. Tulikaa barazani, nikaweka simu juu ya kigoda, akaongea dakika 40. Niliporudi Mwanza na kusikiliza, roho iliniuma. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga moja kwa moja kwenye maiki, injini ya mtumbwi inanguruma, na bibi kama anaongea akiwa chumba cha pili.

Kwenye steshenari moja kijana aliniuzia kwa flashi programu ya kusafisha sauti, ya kulipia lakini iliyovunjwa kufuli. Kompyuta ikapiga kelele za virusi hapohapo, nikaifuta. Ndipo nikageukia Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Hii ni bure kabisa, haina siku za majaribio, haidai ufungue akaunti, na ukishaiweka inafanya kazi bila bando. Waliianzisha Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Tangu 2021 iko chini ya kampuni ya Muse Group, na bado hailipiwi. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, audacityteam.org, maana kwingine kuna vitufe vya kupakua vinavyokuletea vitu usivyoviomba.

Kuiweka kwenye Windows ni dakika chache. Kilichonikwamisha ni faili la simu. Simu yangu inarekodi kwa m4a, aina mojawapo ya faili la sauti, na Audacity ilikataa kulifungua. Nilipoteza jioni nzima nikidhani rekodi imeharibika, kumbe inahitajika nyongeza iitwayo FFmpeg, ambayo nayo ni bure ila unaiweka kando. Kama unarekodi kwa simu, anza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kelele. Kwenye menyu ya Effect kuna Noise Reduction. Unachagua kipande chenye kelele tupu, mtu hajaanza kuongea, unabonyeza Get Noise Profile ili programu iijue hiyo kelele, kisha unachagua rekodi yote na kuipitisha. Mimi nilikuwa na sekunde mbili tu za namna hiyo, pale bibi alipokuwa akinywa maji. Zilitosha kwa injini, kwa sababu mngurumo wake haubadilikibadiliki. Kwa tamaa nikapandisha kipimo cha kupunguza kelele kutoka desibeli (dB) 12 hadi 24, sauti ya bibi ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Nilirudisha 12 nikaachia hapo. Afadhali kelele kidogo ibaki kuliko kupoteza mkwaruzo wa koo lake, ambao ndio ninaoupenda.

Upepo ni jambo jingine. Unapanda na kushuka, kwa hiyo njia hiyo haiukamati vizuri. Kilichosaidia ni High-Pass Filter kwenye Hz 100, inayokata mvumo mzito wa chini. Haukuisha wote. Mahali pawili palipovuma sana maneno hayasikiki, na hakuna programu itakayoyarudisha.

Jihadhari na nafasi kwenye diski. Mradi wangu wa dakika 40 ulizidi MB 400, na unaongezeka kila unapobadilisha kitu. Ila umeme ulipokatika na betri yangu ni mbovu, nilipoiwasha tena Audacity ilinirudishia kazi yenyewe. Hapo ilinipata moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba kuhifadhi mradi si sawa na kupata faili la kusikiliza: lazima uende Export. Nilitoa MP3 ya mono (sauti ya njia moja), ya ubora wa chini wa kbps 64 ili iwe ndogo, ikawa kama MB 19, nikaituma WhatsApp kwa shangazi aliyeko Musoma.

Kuna ndege, furukombe, analia katikati ya hadithi. Nilishamchagua nimfute, shangazi akanipigia: "Mwanangu, huyo muache, ndiye aliyekuwa akituamsha." Nimemuacha.

Pasaka navuka tena. Safari hii tutakaa nyuma ya nyumba, upepo usikofika, na nitamwomba bibi tukae kimya sekunde kumi kabla hajaanza.