Uzoefu wangu: Micro-Nikkor 55mm kwenye injini kuukuu, Lamu

Kwa wanaouliza kama lenzi ya Micro-Nikkor 55mm f/2.8, ya Nikon ya kupigia vitu kwa karibu sana, inafaa kupigia vyuma vikuukuu kwa filamu nyeusi na nyeupe: yafaa, ila usiinunue bila pete ya PK-13. Yenyewe inaishia nusu ya ukubwa halisi wa kitu. Pachika pete hiyo ya milimita 27.5 kati ya lenzi na kamera, na nati ya sentimita moja itakaa sentimita moja juu ya filamu.

Mimi naitumia na Nikon FM2, na ninapowinda picha ni Matondoni, wanakotengenezwa majahazi. Nyuma ya banda moja kumetupwa injini ya Lister. Fundi aliponiona nimepiga magoti aliuliza, "Mwanangu, hii imekufa zamani, wapiga picha ya nini?" Nikamwambia, "Ami, nataka kutu yake." Akacheka, akanisogezea debe la kukalia.

Kibati cha shaba bado chasomeka Dursley, England, zilikotengenezwa Lister. Pembeni ya ile D, chumvi imeota juu ya grisi iliyoganda, na lenzi imeitoa punje moja moja. Penye utata ni rangi: kutu na kijani cha zamani kilichobanduka vyaweza kutoka kijivu kilekile. Niliweka filta ya rangi ya chungwa. Kutu ikang'aa, kijani kikazama.

Gharama yake ni mwanga. Kupiga kwa ukubwa halisi kunakula stopu mbili (kila stopu ni mwanga kupungua nusu), filta nyingine mbili. Kwa filamu ya FP4 Plus ya ISO 125, kivulini, tundu la lenzi likiwa f/11, unafika karibu nusu sekunde. Kipima mwanga cha kamera kinayahesabu hayo chenyewe. Kazi iko kwenye mtikisiko. Stendi ni lazima. Tena FM2 ina jambo zuri: ukiitegesha ijipige yenyewe, kioo cha ndani hunyanyuka mapema, shata ikifunguka kimeshatulia. Na ngoja jirani amalize kugongomea misumari!

Filamu ya HP5 Plus, ya ISO 400, ni nyepesi zaidi kushika mwanga, lakini kwenye chuma kilichosuguliwa chembe zake zaonekana. Kuna wazipendao. Mimi hapana.

Filamu nasafisha nyumbani kwa dawa ya ID-11, nusu dawa nusu maji, dakika 11 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya Lamu hayazijui nyuzi 20, kwa hivyo chupa naziweka kwenye beseni la barafu ya wavuvi. Suuza ya mwisho ni maji ya jabia, yaani birika la maji ya mvua, maana ya kisima yana chumvi na huacha madoa.

Nyingi zinazouzwa ni mitumba, na lenzi hii inajulikana kwa mafuta kupanda kwenye vibati vyembamba vinavyofunga tundu la mwanga. Kabla hujalipa, funga tundu hadi f/16, piga mara kadhaa huku ukichungulia kwa mbele. Vikisitasita, mrudishie mwenyewe.