Guilin na Mto Li: usiende ukarudi siku hiyo hiyo

Kama uko Guangzhou na mzigo wako haujatoka kiwandani, usijifungie hotelini. Panda treni ya mwendokasi uende Guilin, mkoa wa Guangxi. Ni kama saa tatu hivi, siti ni nzuri na treni inafuata muda wake. Mimi nilikwenda mwezi wa kumi, sikukuu ya taifa ya Wachina ikiwa imeshapita (wiki yake ya kwanza usiiguse, nchi nzima iko safarini). Miti ya osmanthasi ilikuwa imechanua, na harufu yake tamu inakufuata mpaka kituo cha basi.

Kinachowapeleka watu huko ni vilima. Ni mawe ya chokaa yaliyosimama wima katikati ya mashamba tambarare, kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yanachoka. Mvua ndiyo iliyolila jiwe hilo kwa mamilioni ya miaka, ikabakiza minara hii juu na mapango chini. Mwaka 2014 UNESCO iliitia Guilin kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na ukifika huna haja ya kuuliza kwa nini.

Wengi hukata tiketi ya boti kubwa ya kushuka Mto Li mpaka Yangshuo, asubuhi hadi mchana, halafu basi linawarudisha Guilin jioni. Boti ni safi na inakwenda taratibu. Chakula chake ni cha kawaida tu, na vipaza sauti vya waongoza watalii havinyamazi. Panda sitaha ya juu mapema, hasa mkishapita Yangdi, maana kutoka hapo hadi Xingping ndipo mto ulipo mzuri kuliko kote. Lakini kugeuza siku hiyo hiyo ni kuinyima safari haki yake. Lala Yangshuo, au Xingping kwenyewe.

Xingping ni mji mdogo wenye nyumba za zamani. Toa noti ya yuan 20 uigeuze: mandhari iliyochorwa nyuma ni ya hapo hapo, na ukitembea kidogo kando ya mto utaikuta mbele yako, watu wamepanga foleni na noti zao mkononi wapige picha. Mwenye miguu apande kilima cha Laozhai. Ngazi zake ni kali, ila ukiwa juu unaona mto unavyojikunja kuvizunguka vilima.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni Mto Yulong, karibu na Yangshuo. Huko unapanda chelezo cha mianzi halisi, abiria wawili kwenye viti chini ya mwavuli, na nahodha nyuma anasukuma kwa upondo. Hakuna injini. Unasikia upondo ukigonga changarawe, kisha maji yakichuruzika anapounyanyua. Mnafika kwenye vizuizi vidogo vya mawe, chelezo kinainamisha kichwa, kinateleza chini, na maji yanapita juu ya mianzi. Nyanyua miguu na simu uishike vizuri. Vile vyelezo vya Mto Li vina injini na vingi ni vya mabomba ya plastiki, usije ukauziwa kimoja ukidhani ni kingine.

Utawaona pia wavuvi wenye ndege aina ya mnandi, ambao hufungwa kamba shingoni wasimeze samaki wakubwa. Siku hizi wengi wao wanaishi kwa picha, kwa hiyo patana bei kabla hujanyanyua kamera. Pango la Ludi lina taa za rangi nyingi mno kwa macho yangu, ingawa lina maandishi ya wino ya mwaka 792, na hayo yalinisimamisha.

Chakula cha mji ni mifen, tambi za mchele zenye nyama na karanga za kukaanga, bei rahisi sana. Kwa Waislamu wenzangu: Guilin ina jamii ya Wahui (Wachina Waislamu) ya tangu zamani, tafuta mgahawa wenye maandishi ya Kiarabu mlangoni, maana supu ya kwingine mara nyingi ina mifupa ya nguruwe. Weka Alipay au WeChat, programu za kulipia, kwenye simu kabla ya kuondoka Guangzhou, na pasipoti iwe mfukoni kila siku. Tiketi ya treni na ya boti zote zinakatwa kwa pasipoti.