Kadi nyekundu kamili au ya dakika 20?

Katika fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023 nchini Ufaransa, Sam Cane wa New Zealand, aliyemgonga mpinzani kichwani, alipewa kadi ya njano iliyogeuzwa kuwa nyekundu, ilhali Siya Kolisi wa Afrika Kusini, aliyegongana kichwa na Ardie Savea, alibaki na ya njano (kutoka nje dakika 10 tu). New Zealand ilicheza pungufu hadi mwisho, ikafungwa 12–11. Kwa kadi nyekundu ya dakika 20, Cane asingerudi, ila mchezaji wa akiba angeingia muda huo ukiisha. Kadi kamili hutisha zaidi, na vichwa vya wachezaji vinastahili ulinzi huo. Hata hivyo, maadamu makosa yanayokaribiana huamuliwa tofauti, naiona ya dakika 20 kuwa ya haki zaidi, mradi adhabu ya kufungiwa mechi zinazofuata isilegezwe.