Albamu Ninazosafiri Nazo Kwenda Gulu na Lira

Mtu akiniuliza aanzie wapi na wanamuziki wa Uganda wanaojitegemea, wale ambao huwasikii kila saa redioni, namjibu bila kusita: Exile ya Geoffrey Oryema. Kisha namwomba asiidonoe wimbo mmoja mmoja. Atenge muda, aweke simu pembeni, aisikilize mwanzo hadi mwisho.

Mimi nafanya biashara ya ufuta. Nanunua Lira na Gulu, nauza Kampala. Ukishapita Luweero, barabara ya kwenda Karuma ni ndefu na dereva wangu si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo albamu nzima inaisha tukiwa bado njiani. Ndivyo nilivyozifahamu hizi ninazozisema hapa.

Exile ilitoka mwaka 1990 kwa Real World, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, na mtayarishaji wake ni Mwingereza mwenzake mashuhuri, Brian Eno. Majina hayo yaliisaidia kufika mbali, lakini kinachonishika mimi ni nanga, chombo cha nyuzi cha asili. Nyuzi zake zinapigwa taratibu, zinaachiwa zilie hadi ziishe zenyewe, na juu yake inakuja sauti nzito ya Oryema ambayo hupanda ghafla ikawa nyembamba, halafu ikarudi chini tena. Nanga alifundishwa na baba yake, Erinayo Oryema, waziri aliyeuawa Februari 1977 wakati wa Idi Amin, pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Geoffrey alitoroshwa ndani ya buti ya gari hadi Kenya, kisha akaishia Ufaransa. Ukijua hayo, zile nyimbo za taratibu hutaziita nyimbo za kubembelezea usingizi, kama nilivyosikia mtu akiziita.

Wimbo ninaourudia zaidi ni "Land of Anaka". Anaka nimepita mara nyingi nikitafuta mzigo, iko upande wa Nwoya. Ukipita utaona mihogo imeanikwa, baiskeli zimebeba mkaa, watoto wanatoka shule. Kwa macho ya mpita njia ni mji mdogo wa kawaida. Oryema anauimba kama mtu anayekagua kila mti kwa kumbukumbu kwa sababu hana njia ya kwenda kuutazama. Alirudi Uganda mwaka 2016, baada ya karibu miaka 40, na mwaka 2018 akafariki. "Ye Ye Ye" ya kwenye albamu hiyohiyo ilitumika kufungulia kipindi cha televisheni Ufaransa, ila vijana wengi ninaokutana nao Kampala jina lake hawalijui kabisa. Linaniuma jambo hilo. Tarehe 16 Februari, sikukuu ya Janani Luwum, nyumbani kwangu huwa tunaipiga albamu hii yote.

Kasoro ipo. Katikati kuna sehemu ambazo vyombo vya umeme vimejaa kuliko nanga ilivyohitaji. Ningependa studio imwache mzee na chombo chake.

Ukitaka kusikia chombo kikiachwa peke yake, tafuta Ekuka ya Ekuka Morris Sirikiti, mpiga lukeme, chombo cha fito za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, kutoka Lango, eneo la Lira. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliitoa mwaka 2018, na rekodi zake zilinaswa kutoka kwenye matangazo ya redio kati ya mwaka 1978 na 2003. Ubora wa sauti unapandashuka. Kuna mikwaruzo, kuna mahali sauti inakaribia kuzama. Mimi sioni shida hata kidogo, kwa sababu zile fito za chuma zinaanguka kama mvua ya kwanza kwenye bati, na Ekuka anaimba kwa haraka ya mtu mwenye habari ambayo lazima aimalize kabla kipindi hakijafungwa. Siku moja Lira tulikuwa tunapakia magunia huku gari likiipiga. Mama anayeniuzia ufuta akaacha kupepeta, akasimama na ungo mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "huyu tulikuwa tunamsikia redioni wewe bado mdogo. Umempata wapi?" Nikamrudishia wimbo ule tangu mwanzo. Aliuimba wote, akanieleza na kisa kilichomo, maana Kilango changu ni cha sokoni tu.

Gulu City Anthems ya Otim Alpha ina furaha ya namna nyingine. Ni ya mwaka 2017, lebo hiyohiyo. Otim Alpha ni mwimbaji wa harusi, na pamoja na mtayarishaji Leo Palayeng aliichukua larakaraka, ngoma ya Waacholi ya vijana na harusi, akaiingiza kwenye kompyuta. Larakaraka yenyewe huchezwa na kundi kubwa: kila mchezaji ana nusu ya kibuyu mkononi na anakigonga kwa spoki za baiskeli, wote kwa pamoja. Vita vya kaskazini vilipowafukarisha watu, kuita kundi zima kukawa mzigo kwa wenye harusi. Mtu mmoja mwenye kompyuta na spika akaweza kuifanya sherehe ifanyike. Kwenye albamu ule mgongo wa vibuyu umebaki, mkali na wa kasi, na sauti ya Otim inapita juu yake bila kupumzika. Nimekaa kwenye harusi za Gulu, na nakuhakikishia wazee wanaucheza muziki huu sawa na wajukuu zao. Jina la albamu nalo nalipenda: Gulu ilipandishwa rasmi kuwa jiji mwaka 2020, waimbaji wake walishaiita jiji zamani.

Kwa sisi tunaoishi kwa Kiswahili hapa Uganda, kuna Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli wa mwaka 2017 kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Nayo ilitolewa na hao Nyege Nyege wa Kampala. Kasi yake ni ya kutisha. Naipenda asubuhi, kabla joto halijapanda. Mchana baada ya Karuma siiwezi yote kwa mkupuo.

Kuhusu kununua. Kwa muda mrefu nilikuwa nalipa kijana wa kibandani aniwekee nyimbo kwenye flashi, na nyingi zilikuja zimekatwa mwishoni au zina jina la mtu mwingine. Na mwanamuziki hapati kitu. Sasa nanunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wao hukata asilimia 15 kwenye albamu ya kupakua, na zipo Ijumaa ambazo husamehe hata hiyo. Utaratibu huo ulianza Machi 2020. Ugumu ni malipo: hawapokei pesa za simu, wanataka kadi au PayPal, na wengi wetu hatuna. Binti yangu ana kadi ya benki, kwa hiyo namtumia shilingi kwa simu yeye ananilipia. Ukishanunua, faili ni zako, unaziweka kwenye flashi ya gari na zinapiga hata pale mtandao unapopotea.

Inayofuata ni Kaloli ya Nihiloxica, ya mwaka 2020, ambapo wapiga ngoma wa Kiganda wanakutana na sintesaiza na drumu za Waingereza wawili. Nimeshasikia nyimbo chache na ngoma zake zimenikaa kifuani. Binti anasubiri Ijumaa ya msamaha.