Darubini ya milimita 200 mbele ya nyota maradufu hafifu ya Luyten 726-8

Darubini za bei ya kati husifiwa kwa Mwezi na pete za Zohali, na sifa hizo hazimsaidii sana mnunuzi, kwa kuwa vitu hivyo viwili hupendeza hata kwa kifaa cha wastani. Nilipoipata darubini hii ya aina ya Dobson, yaani bomba lenye vioo linalokaa juu ya msingi wa kuzungushwa kwa mkono, yenye kioo kikuu cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, niliamua kuipima kwa kitu kigumu zaidi: Luyten 726-8, nyota maradufu, yaani nyota mbili zinazozungukana, iliyo katika kundinyota la Ketusi. Iko umbali wa miakanuru 8.7 tu, miongoni mwa majirani wa karibu kabisa wa Jua, lakini hakuna mtu anayeweza kuiona kwa macho matupu. Mwanaastronomia Willem Luyten ndiye aliyeitambua, mwaka 1948.

Uhafifu huo unatokana na maumbile yake. Nyota zote mbili ni vibete vyekundu, kila moja ikiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya masi ya Jua, juu kidogo ya kiwango cha chini kinachohitajika ili haidrojeni iendelee kuyeyungana kiinini, yaani viini vya atomi kuungana na kutoa nishati inayoiwasha nyota. Joto la uso ni kelvini 2,700 hivi, chini ya nusu ya lile la Jua, kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama miali ya infraredi ambayo jicho haliipokei. Huzungukana mara moja kwa kila miaka 26 na nusu hivi katika njia ya duaradufu iliyorefuka sana: zikikaribiana hubakiza vizio astronomia 2.1 kati yake (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), na zikiachana hufikia 8.8, ambayo kwa vipimo vya nyumbani kwetu ni kama kutoka ng'ambo kidogo ya Mirihi hadi kukaribia Zohali. Kila moja hujizungusha kwenye mhimili wake kwa muda usiofika saa sita, na kasi hiyo huzalisha uga wa sumaku wenye nguvu ambao hujifungua kwa milipuko ya ghafla. Mwaka 1952 ile iitwayo UV Ceti ilionekana ikiongezeka mwangaza mara 75 ndani ya sekunde 20, na leo jina lake hutumika kwa aina nzima ya nyota zenye tabia hiyo.

Kwa kipimo cha magnitudo, ambacho namba ikipanda nuru hupungua, moja ina 12.5 hivi na nyingine karibu 13, ilhali jicho huishia 6. Kioo cha milimita 200 hukusanya nuru takriban mara 800 kuliko mboni iliyopanuka gizani, na hapo darubini hii ilinilipa fedha yangu. Nikiwa nje ya mji wa Iringa mwezi Novemba, pasipo Mwezi angani, nilianzia Tau Ceti, ambayo huonekana bila kifaa, nikateremka digrii mbili na robo hivi kuelekea kusini-magharibi. Nilipoteza saa nzima nikitafuta mahali pasipostahili, kwa kosa langu mwenyewe: ramani yangu ilikuwa na nafasi za mwaka 2000, na nyota hizi husogea angani zaidi ya sekunde tatu za tao kila mwaka (digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika sekunde 60), karibu moja kwa moja kuelekea mashariki. Kwa robo karne huwa zimehama kwa kiasi cha dakika moja na nusu ya tao. Nilipofanya hesabu hiyo, nikaikuta nukta moja ndogo ikikaa palepale ilipopaswa kuwa.

Nasema nukta moja, kwa sababu sikuweza kuitenganisha. Kinadharia kioo cha ukubwa huu hutofautisha nukta zilizoachana kwa sekunde 0.6 za tao, na pengo la nyota hizi hata likiwa pana kabisa halifiki sekunde tatu na nusu. Lakini kipimo hicho hudhania nyota angavu na hewa tulivu. Kwa lenzi ya kutazamia ya milimita 5, inayokuza mara 240, niliyoinunua kando, nukta ilififia na kutetemeka. Muuzaji aliyeandika kwenye tangazo kwamba kifaa hiki "hutenganisha nyota maradufu zote" aliahidi zaidi ya uwezo wake.

Kasoro iliyonikera zaidi wanunuzi wa nchi za kaskazini huenda wasikutane nayo mara kwa mara. Tegemeo la Dobson huzunguka kushoto na kulia, na kupanda na kushuka. Bomba likikaribia utosi wa anga, mzunguko wa kushoto na kulia haulipeleki popote. Kutoka Iringa, Luyten 726-8 hupita digrii 80 juu ya upeo, yaani mahali hasa penye tatizo hilo, na kuifuatilia kwa mkono kunahitaji kuusukuma msingi wote kwa vipande vidogo vidogo. Njia niliyoizoea ni kuitazama saa mbili kabla au baada ya kufika juu. Kwa upande wa pili, tegemeo hili halihitaji kulengwa kwenye nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo kwetu imejificha chini ya upeo, na mtu hupata utazamaji dakika chache tu baada ya kulitua.

Msingi ni wa chipubodi, na kingo zake zisizozibwa zilianza kuvimba kwa umande wa msimu wa kwanza, nilizipaka vanishi. Skrubu za kulinganisha vioo hulegea kila kifaa kinaposafiri garini. Uzito wa kilo 20 hivi unabebeka kwa safari mbili, lakini usafirishaji na ushuru viliongeza karibu nusu ya bei, jambo la kuulizia kabla ya kulipa.

Kwa anayetaka kuona nuru ya nyota hafifu, darubini hii naipendekeza bila kusita. Kwa anayetaka kuziona mbili zikiwa mbili, kioo cha milimita 300 na subira nyingi vinafaa zaidi. Milipuko bado naisubiri: nimekaa nayo jumla ya saa 14, nikiilinganisha na nyota jirani, na mara moja tu nilidhani imeng'aa zaidi, lakini wingu jembamba lilikuwa likipita, kwa hiyo sikuiandika daftarini.