Kundi la wanawake wa hisabati kwenye WhatsApp: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Naandika haya kwa ajili ya dada yeyote anayesoma hisabati chuoni na hana wa kumwuliza. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na ninasoma uzamili huku nikifundisha. Darasani tulianza kumi na saba, wanawake wawili. Mwenzangu akajifungua, akaahirisha mwaka, nikabaki mwenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka jana rafiki niliyesoma naye shahada ya kwanza akaniunganisha na kundi la wanawake wanaosoma na kufundisha hisabati. Wengi ni Watanzania na Wakenya, wapo wa Kigali na Bujumbura, na wachache wa Goma na Lubumbashi. Kujiunga ni bure. Lilianzishwa na kina dada waliokutana kwenye mafunzo ya wiki mbili, wakaona wasiachane hivihivi kila mtu akirudi kwao. Vyama vikubwa vipo na vina kazi yake: AWMA, chama cha wanawake wanahisabati wa Afrika, kipo tangu 2013, na cha Marekani kilianza 1971. Ila mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumwuliza saa nne usiku, karatasi ikiwa mezani na mtihani ni kesho kutwa.

Wiki tatu za kwanza sikuandika neno. Kilichonifungua mdomo ni swali moja la analisisi, lile tawi la hisabati la mifuatano na vikomo. Tulipewa mfuatano wa x kwa kipeo cha n, x ikiwa kati ya 0 na 1, bila kuifikia 1 yenyewe. Nilithibitisha kwamba mfuatano huo unakwenda kwenye sifuri kwa usawa, yaani kwa mwendo mmoja kila mahali. Karatasi ikarudi mstari mmoja umekatwa kwa kalamu nyekundu, bila maelezo. Nilipomfuata mhadhiri aliniambia nikasome tena. Nimesoma tena mara ngapi! Nikapiga picha ukurasa mzima, nikautuma kundini, nikailaza simu kifudifudi.

Haikupita robo saa, dada mmoja wa Lubumbashi akatuma sauti: "Dada, karatasi yako nimeiona. Hiyo N umeichagua mbele ya kumuona x, ao nyuma?" Mbele kwa Kiswahili cha kwao ni kabla, na N ni ile n ambayo kuanzia hapo jibu linabaki dogo kama tunavyotaka. Sikumwelewa, na haikuwa kwa sababu ya lafudhi. Akaniambia nichukue kikokotoo. Tunataka jibu lishuke chini ya 0.01. Kama x ni 0.9, n iwe ngapi? Nikapiga, ikatoka 44. Na 0.99? 459. Na 0.999? 4603. Hapo nikaona mwenyewe. Kila x inavyoisogelea 1, N inazidi kupaa, na hakuna N moja itakayowatosha wote. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeichagua N nikiwa tayari nimeshamwona x, kisha nikajifanya inamfaa kila mtu. Mwalimu mmoja wa Tanga akaongezea: fundi akimpima kila mwanafunzi peke yake, sare zote zitakaa vizuri, mwambie sasa akate saizi moja iwaenee shule nzima, hiyo ndiyo maana ya "kwa usawa". Neno lile nilikuwa nalo kwenye madaftari tangu shahada ya kwanza. Nimelielewa usiku ule, na sasa siwezi kulisahau hata nikitaka.

Jambo la pili lililonishika ni heshima inavyoendeshwa mle. Yupo mama mmoja, mhadhiri wa siku nyingi. Akiandika kitu, shikamoo thelathini zinamiminika na hakuna anayethubutu kumkosoa. Siku moja aliweka uthibitisho wenye hatua iliyorukwa. Kimya. Saa nzima. Mwisho akaandika mwenyewe: "Wanangu, nimeiacha makusudi. Shikamoo zenu nazipokea asubuhi. Tukishaingia kwenye uthibitisho, nani mkubwa hapa?" Tangu hapo mabinti wa mwaka wa pili wanamwambia wazi, mama, mstari wa nne haujafuata. Na anawashukuru.

Vikao vya sauti ni kila Alhamisi saa tatu usiku. Mwanzoni vilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na mahudhurio yalikuwa mabaya kwa sababu ambayo mwanamke yeyote anaijua: Jumamosi asubuhi ni kufua, soko na watoto. Walipouliza na kubadilisha, watu wakajaa. Kamera zinazimwa ili kuokoa bando, mtoa mada anatuma picha za karatasi kabla ya kuanza, na wasikilizaji wanafuata ukurasa kwa ukurasa. Kuandika alama za hisabati kwenye meseji ni mateso, kwa hiyo kalamu na picha ndiyo njia. Humohumo nilifundishwa LaTeX, programu ya kuchapa maandishi yenye alama za hisabati, kuanzia mstari wa kwanza, na tasnifu yangu yote naiandika kwayo.

Sasa kasoro. Asubuhi utakuta maua na sala arobaini, na katikati yake mtu anauza mikoba. Tulilalamika miezi minne ndipo wasimamizi wakafungua kundi la pili la hisabati tupu. Ukiwa mtu wa takwimu au aljebra utajibiwa haraka, ila wa topolojia husubiri siku mbili, wakati mwingine hapati kabisa. Maelezo ya Kifaransa yananipita nusu. Halafu wapo wanaotupia swali la mtihani wakidai jibu, wakilipata hawaonekani tena mpaka muhula ujao.

Kubwa zaidi ni hili. Dada mmoja alieleza kundini namna msimamizi wake anavyomkalisha na sura ya kwanza ya tasnifu tangu mwaka uanze. Mtu akapiga picha meseji ile, ikafika ofisini kwao. Alipata shida nyingi ambazo hakustahili. Tangu siku hiyo shauri langu ni moja: eleza tatizo, usitaje jina la mtu wala la chuo, hata kama mnaaminiana.

Tarehe 12 Mei huwa na kikao kirefu, kwa kuwa ni siku aliyozaliwa Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, 2014. Wa pili, Maryna Viazovska, ameipata 2022. Mirzakhani alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni akichora, na bintiye akidhani mama anapaka rangi. Mwaka huu, hata hivyo, aliyezungumziwa zaidi alikuwa wa nyumbani: Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati, aliyeupatia Berlin kwa utafiti wa mwendo wa vimiminika, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nimesoma hisabati nchini humuhumu tangu darasa la kwanza, na jina lake nimelisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu, usiku wa kikao kile. Hilo liliniuma. Jumatatu iliyofuata nililiandika ubaoni kidato cha tatu kabla ya kuanza somo.

Kwa anayetaka kuingia: hakuna kiungo cha wazi, mwanachama lazima akutambulishe. Waulize wanawake wa idara yenu, hata kama ni mmoja tu. Tenga bando la Alhamisi, na zima mlio wa kundi la salamu.

Mwenzangu yule amerudi chuo, mtoto anatambaa. Nimemwingiza wiki iliyopita. Bado hajaandika kitu, anasoma tu, nami simharakishi.