Trela ya tone ya Chesapeake Light Craft: seti nzuri, ila msasa ni wako

Chesapeake Light Craft ya Annapolis, Maryland, inajulikana zaidi kwa seti za mashua: unaletewa plaiwudi iliyokwisha kukatwa kwa mashine ya kompyuta, nawe unaiunganisha mwenyewe gerejini. Trela yao ndogo ya kulala yenye umbo la tone, iliyosanifiwa na John C. Harris, imezaliwa kwenye karakana hiyohiyo. Anayeinunua akidhani ni kazi ya useremala wa kabati atashangaa. Hii ni kazi ya boti, ikawekewa magurudumu.

Trela za tone zilianza Marekani miaka ya 1930, na nyingi bado zinajengwa kwa mtindo wa zamani: kuta mbili bapa za plaiwudi, mbavu za mbao juu, kisha bati la alumini linalofuata mgongo. Zinapendeza, lakini huwa nzito, na maji yakishapenya ukingoni mwa bati, mbavu zinaoza bila mtu kujua. Harris ameziacha mbavu hizo. Ganda lake ni vipande vyembamba vilivyopindishwa kama tumbo la mashua, vikashonwa kwa waya wa shaba, kisha kila kiungo kikajazwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili: resini na hadena ya kuigandisha. Ukakamavu unatokana na mpindo wenyewe. Mafundi wa mitepe ya Lamu, mashua za kale za kushonwa, wangeitambua mbinu hii mara moja. Tofauti ni kwamba kamba yao ya makumbi ilibaki ndani ya chombo maisha yake yote, na hapa waya unatolewa epoksi ikishashika.

Mbao ni plaiwudi ya okoume, mti wa misitu ya Gaboni na majirani zake, na imechaguliwa kwa sababu ya uzito. Ubao wa futi 4 kwa 8 wenye unene wa milimita 6 una takriban kilo 8, wakati birchi ya kipimo hichohicho inakaribia kilo 12. Ndiyo maana trela nzima, fremu yake ya chuma ikiwemo, inabaki chini ya kilo 300 kabla ya kupakia mizigo, na gari dogo la silinda nne linaivuta bila kulalamika. Kasoro ya okoume ni ulaini. Ukucha unaacha alama, na haina ukinzani wowote wa maana dhidi ya kuoza. Uhai wake wote uko kwenye epoksi, hasa kingo, maana ukingo wa plaiwudi hunywa maji kuliko uso wake. Kila ukingo, pamoja na wa tundu la dirisha na la waya, upakwe mara tatu.

Kabla ya kulipa, jua kwamba trela ya chini yenyewe, yaani fremu na magurudumu, inanunuliwa kando. Ganda limepimwa likae juu ya trela ya kawaida ya futi 5 kwa 8. Hesabu pia godoro, betri, rangi au vanishi, rundo la glavu, na msasa mwingi kuliko unavyofikiri.

Kazi inaanza kwa kuunga vipande virefu. Kwa kuwa plaiwudi haizidi futi 8, ncha zimekatwa kwa meno yanayoingiliana na unazigundisha kwa epoksi. Hapa ndipo wengi huharibu mapema: vipande vya kushoto na vya kulia ni pacha wa kioo, na ukigundisha vyote vikitazama upande mmoja utapata kuta mbili za kushoto. Vilaze viwili viwili, sura nzuri ya kimoja ikielekea juu na ya mwenzake ikielekea chini, uviandike kwa penseli, ndipo ufungue epoksi. Weka nailoni chini na juu ya kila kiungo, kisha kitu kizito. Ukisahau nailoni, meza nayo imekuwa sehemu ya trela.

Kushona ni hatua ya haraka na ndiyo inayofurahisha, kwa sababu siku moja kuna rundo la mbao na siku ya pili kuna umbo. Usikaze waya wote tangu mwanzo. Acha nyaya zilegee mpaka ganda zima lisimame, halafu kaza kidogo kidogo ukizunguka. Kisha pima. Urefu wa pembe hadi pembe ulingane pande zote mbili. Weka fito mbili zilizonyooka, moja mbele na moja nyuma, uchungulie kwa jicho moja kama zinalingana. Sakafu nyingi za gereji zimeinamishwa ili maji yatoke, na ganda laini linafuata sakafu. Likishikwa na epoksi likiwa limepinda, hakuna kulirudisha, na mlango hautafunga sawasawa tena.

Sasa epoksi, ambayo ndiyo mradi wenyewe. Wanaokuja hapa wakiwa wamezoea putty ya magari huja na tabia ya kuongeza hadena ili ikauke upesi. Hiyo ni desturi ya poliesta. Epoksi haina kichocheo. Sehemu zake mbili zinaungana kwa uwiano maalumu, na ukizidisha hadena, ile iliyozidi inabaki haina mwenza na kazi inabaki laini na yenye kunata milele. Fuata uwiano wa chupa yako, tumia pampu zake, na koroga dakika mbili kamili ukikwangua pembe za kikombe. Dawa ya kiungo kinachonata baada ya siku mbili ni moja tu: kwangua chote uanze upya.

Joto nalo lina neno. Nyuzi 20 hadi 27 ni sawa. Chini ya 15 kazi inalala na inaweza kutoa utando wa mafuta juu, ambao unasafishwa kwa maji na sponji kabla ya kupiga msasa. Ukipiga msasa kwanza unausugua uingie ndani na rangi itabanduka. Juu zaidi tatizo linageuka: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu. Kwa anayejenga Mombasa au Muscat, hadena ya polepole ndiyo ya kununua, na achanganye kidogo kidogo. Kikombe kilichojaa epoksi kikiachwa mezani kinajichemsha chenyewe hadi kutoa moshi. Imimine kwenye sinia pana mara tu baada ya kukoroga.

Kwa viungo vya ndani, epoksi inachanganywa na unga wa mbao hadi iwe kama siagi ya karanga, kisha inasukumwa konani kwa kipande cha mbao chenye ncha ya mviringo. Lainisha kabla haijakauka! Dakika tano za kupitisha kidole chenye glavu iliyoloweshwa spiriti zinaokoa jioni nzima ya msasa. Waya uliogandia utoe kwa kuupasha moto kwa pasi ya kulehemu. Utalegea na kutoka kwa koleo bila kung'oa mbao.

Kupaka uso mzima, tumia rola ya sponji nyembamba, na paka jioni joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, jua linapopasha mbao hewa iliyomo inatanuka na kutoka, nawe unabaki na maelfu ya vipovu vidogo. Hapa ndipo uzito alioupanga msanifu unapopotelea mikononi mwa mjenzi. Epoksi iliyomwagwa kwa kuogopa kwamba "haitoshi", vifaa vya ziada, kabati la jikoni la ubao wa nusu inchi: kila kimoja ni kidogo, vyote pamoja ni kilo 50. Tabaka jembamba mara tatu linalinda kuliko nene mara moja, na ni jepesi.

Msasa ni mwingi, na hakuna njia ya mkato. Anza na namba 80 kwa epoksi pekee, 120 kisha 220. Utando wa juu wa okoume ni mwembamba mno. Mashine ikitulia mahali pamoja sekunde chache inaupenya, na alama ya rangi nyingine itaonekana chini ya vanishi daima. Kwa anayetaka mbao zionekane hilo ni pigo. Kwa anayepaka rangi si kitu, na kwa maoni yetu rangi nyeupe juu na vanishi ubavuni ndiyo busara, kwani rangi nyeusi au vanishi juani huzidisha joto la mbao. Usiache epoksi bila kifuniko: mionzi ya jua inaigeuza njano na kuiua. Vanishi yenye kinga ya jua, tabaka tano au sita, au praima na rangi.

Glavu si hiari. Mwili ukishaanza kuikataa epoksi haubadiliki, na upele unarudi kila ukigusa hata vumbi lake. Ikigusa ngozi safisha kwa siki, kisha sabuni. Thina inaiyeyusha na kuipenyeza ndani. Barakoa yenye vichujio wakati wa msasa, wala usipige msasa epoksi ambayo haijakomaa.

Milango: acha uwazi wa milimita 3 kila upande. Unaonekana mkubwa mbao zikiwa tupu, lakini epoksi na rangi vinakula sehemu yake. Kifuniko cha nyuma, kinachofunika jiko, ndicho kinachovuja zaidi kwenye trela zote za tone, si hii peke yake, kwa kuwa bawaba iko juu mahali maji yanapopita. Mpira wa kuzibia ukae ukiwa umebanwa kidogo pande zote. Jaribu kwa kufungia kipande cha karatasi, kikivutika bila ukinzani hapo patavuja. Shokapu za gesi zisiwe na nguvu kupita uzito wa kifuniko, la sivyo zinakipindisha taratibu na mpira unaachia katikati.

Kufunga ganda kwenye trela kuna hila moja inayostahili kufuatwa neno kwa neno. Tundu la bolti la milimita 10 litoboe kwa biti ya 16. Ziba chini kwa utepe, lijaze epoksi iliyochanganywa na unga, iache ikomae, kisha toboa tena milimita 10 katikati. Sasa bolti inapita kwenye epoksi tupu na haigusi mbao. Ongeza washa pana na kipande cha mbao ngumu ndani. Bolti zilizopita moja kwa moja kwenye plaiwudi ndizo chanzo cha sakafu nyingi zilizooza.

Umeme hauhitaji makuu: betri moja ya volti 12, fyuzi karibu kabisa na betri, taa za LED na feni ya paa ya inchi 14. Feni usiipunguze kwenye bajeti. Ganda jembamba lisilo na kihami hutokwa na jasho usiku wa baridi watu wawili wakilala ndani, na asubuhi godoro lina unyevu upande wa chini. Liweke juu ya fito au wavu. Jiko la gesi liwashwe nje tu, kifuniko kikiwa wazi. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu, nayo inaua.

Uzito unaokandamiza ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Chini ya hapo trela inayumba kwenye barabara kuu, kwa hiyo betri na maji yakae mbele ya ekseli. Minyororo ya usalama ipishane chini ya ndoano.

Kwa wasomaji walio Marekani, nunua trela mpya yenye cheti cha kiwanda na namba yake, maana usajili wa trela ya kujitengenezea hutofautiana kwa kila jimbo na mara nyingi unahitaji ukaguzi. Tunza risiti zote. Uingereza na Umoja wa Ulaya, trela isiyozidi kilo 750 inaruhusiwa kutokuwa na breki na leseni ya B inatosha kuivuta. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 80 za kwanza, na gusa kitovu cha kila gurudumu kwenye kituo cha kwanza: vuguvugu ni kawaida, moto wa kuondoa mkono maana yake beringi inataka grisi au imekazwa kupita kiasi.